Muulize Bibi: Mtoto kachoka makumbusho, alaumiwe nani?

Wasomaji wangu, mwezi huu mhariri kanipa nafasi kubwa kuliko kawaida kwa sababu barua zote zimeangukia upande mmoja: watoto na makumbusho. Wanaonifahamu wanajua nimezeekea huko. Miaka 26 nimetembeza watoto wa shule kati ya makabati ya vioo, mpaka goti la kulia likaniombea kustaafu. Halafu mwaka juzi nilikwenda Indiana, Marekani, kumlelea binti yangu mtoto, nikakaa miezi mitatu. Mji wao, Indianapolis, una makumbusho ya watoto makubwa kuliko yote duniani. Nilikwenda mara saba. Mkwe wangu alidhani nampeleka mjukuu.

*Shikamoo Bibi. Likizo ya Juni niliwachukua wanangu, wa miaka sita na wa miaka tisa, tukapanda basi kwenda kuona makumbusho. Nauli, kiingilio, chakula, mfuko ukatoboka. Baada ya dakika kumi mdogo ananivuta kanga, anauliza tunakula saa ngapi. Jioni nawauliza mmeona nini, mkubwa anasema "vyungu", mdogo anasema "feni". Je, bado hawajafikia umri wa historia? Na hayo makumbusho ya watoto peke yao ninayoyasikia ya huko ng'ambo, wanawafanyia nini ambacho sisi hatuwafanyii?*
— Mama Wawili, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Huyo wa feni nimempenda. Katika chumba kile kizima feni ndiyo iliyokuwa kazini; vingine vyote vimestaafu kama mimi.

Usiwalaumu watoto, na wewe usijilaumu. Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka yangu ya kwanza kazini nilikuwa nasimama mbele ya kabati na kumwaga tarehe. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Mombasa, kisha Malindi, akatokea fulani, akafukuzwa na fulani. Watoto walikuwa wakitazama viatu vyangu. Siku moja binti mmoja mdogo, sare imemzidi kimo, akanyoosha kidole: "Bibi, hawa watu wa zamani walikuwa na watoto?" Nikamjibu ndiyo, walikuwa nao, nikaendelea na masultani. Usiku sikulala vizuri. Nilivizungusha vyumba vyote kichwani: majambia, sarafu, sahani za Kichina, picha za magavana. Sikukumbuka hata kitu kimoja nilichoweza kumwonyesha nikasema, hiki alikishika mtoto kama wewe.

Kesho yake nikaenda jikoni kwa mama yangu nikachukua kifumbu. Wa bara wasiokijua, ni kile kifuko cha ukindu cha kuchujia tui la nazi. Nikampa mtoto wa kwanza, sikumwambia jina. Akakivaa kichwani. Wa pili akasema ni soksi ya tembo. Wa tatu akasema kiota cha mnana, na kwa kweli hakukosea sana, ususi ni uleule. Kikapita mkono kwa mkono mpaka kikafika kwa mvulana wa nyuma kabisa, akakinusa, akatulia, akasema: "Kinanuka kwa bibi yangu Pangani." Basi. Darasa zima likataka kunusa. Nikatoa mbuzi wa kukunia na nazi moja, mmoja akakuna, mwingine akatia machicha na maji kwenye kifumbu akakamua, tui likamchuruzika mpaka kiwikoni. Hapo nikauliza: kabla ya mashine, na kabla ya tui la pakiti, nani alikuwa anakaa juu ya mbuzi huyu kila jioni? Wakatazamana. Watoto wa kike, wakasema. Mmoja akasema, mimi hata leo. Tukaongea saa nzima juu ya kazi za watoto wa zamani, na sikutaja mwaka hata mmoja mpaka wao waliponiuliza.

Sasa hao wa ng'ambo. Makumbusho ya kwanza ya watoto duniani yalifunguliwa Brooklyn, New York, Desemba 1899. Mwaka 1902 akaingia mwalimu wa biolojia, Anna Billings Gallup, akakaa hapo mpaka 1937, na kazi yake kubwa ilikuwa moja: mtoto ashike kitu, akigeuze, aulize. Huko Boston, mwaka 1962, alikuja mkurugenzi aitwaye Michael Spock. Mtu huyu utotoni alitaabika kusoma, herufi zilikuwa zinamchezea, kwa hiyo alijua uchungu wa kupelekwa mahali ambapo kila kitu kimeandikwa na hakuna unachoruhusiwa kugusa. Akavitoa vitu kwenye makabati. Akaweka maonesho ya vitu vilivyokatwa katikati ili mtoto aone ndani mna nini.

Watu wa Boston wana nyumba pia. Mji wa Kyoto, Japani, uliwapa nyumba halisi ya mfanyabiashara wa hariri, ikafumuliwa kule, ikasafirishwa vipandevipande, na mafundi seremala wakatoka Kyoto kuja kuisimamisha upya ndani ya makumbusho. Mtoto akifika mlangoni anavua viatu. Hicho tu, kuvua viatu, kinamwambia kwamba ameingia kwa watu. Sisi wa pwani jambo hilo hatuhitaji kufundishwa, lakini niambie ni makumbusho gani yetu yanakupigisha hodi.

Huko Indianapolis nako hadithi ni nzuri. Mama mmoja, Mary Stewart Carey, alitembelea Brooklyn mwaka 1924, akarudi kwao na wazo, na mwaka uliofuata wakaanza ndani ya banda la magari ya farasi. Leo ni jengo la ghorofa kadhaa na madainosa ya sanamu yanatoboa ukuta kutoka nje. (Mjukuu alinivuta huko kwanza. Nikamwambia mkubwa wao mmoja alichimbwa Tendaguru, Lindi, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mifupa yake imesimama Berlin. Akaniuliza kwa nini haiko Lindi. Nikamwambia hilo ni swali la watu wazima, na watu wazima wanalikwepa.) Ghorofani kuna farasi wa mbao wa kuzunguka, kama wale wa viwanja vya Idi, waliosimikwa mjini hapo mwaka 1917. Ni kitu cha kale chenye thamani kubwa, na kazi yake bado ni ileile: watoto wanapanda. Mjukuu alipanda twiga. Mimi nilipanda mbuzi, kwa ajili ya goti.

Lakini chumba kilichonikalisha kitako ni kingine. Tangu 2007 wana maonesho ya watoto waliobadilisha mambo wakiwa bado watoto. Yupo Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyejificha Wanazi wasimkamate, huko Amsterdam, na wazazi wake tangu Julai 1942 hadi walipokamatwa Agosti 1944. Yupo Ryan White, kijana wa hukohuko Indiana aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI kwa dawa iliyotengenezwa kwa damu ya watu, shule ikamkataa, akafariki 1990 akiwa na miaka 18; mama yake alitoa vitu vyake, wakakijenga upya chumba chake cha kulala, kitanda na mabango ya ukutani na vikorokoro vyote. Mwaka 2021 wakamwongeza Malala, binti wa Pakistani aliyepigania wasichana wasome. Na yupo Ruby Bridges. Tarehe 14 Novemba 1960, New Orleans, mtoto mweusi wa miaka sita aliingia shule ya wazungu watupu akisindikizwa na askari wa serikali kuu, na umati nje unamzomea. Wazazi wa kizungu wakawaondoa watoto wao. Mwaka mzima Ruby alisoma peke yake na mwalimu mmoja, Barbara Henry.

Wamelijenga lile darasa. Mjukuu wangu, naye miaka sita, akaketi dawatini, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Bibi, rafiki zake wako wapi?" Sikuwa na haja ya kueleza ubaguzi wa rangi ni nini. Viti vitupu vilishamweleza.

Kwa hiyo jibu lako, Mama Wawili, ni kwamba siri yao haiko kwenye mashine. Mashine wanazo, tena nyingine zinamchosha mtoto kuliko kabati la vioo. Anabonyeza, zinalia, anakimbilia nyingine. Wao wamechagua mtoto mmoja wa umri wa mgeni wao, wakamweka mahali alipokaa, wakamwacha mgeni akae hapohapo.

Na umri wamefika. Mtoto wa miaka sita hawezi "karne ya kumi na sita", hata mimi nahesabu kwa vidole. Ila anaweza bibi. Mhesabie kwa mabibi: bibi yako alipokuwa darasa la kwanza, bibi wa bibi yako alipokuwa mdogo. Mwaka 1961 nilikuwa na miaka minane, nilipewa bendera ya karatasi, nikasinzia kabla ya saa sita usiku nikakosa kuona Uhuru ukiingia. Kisa hicho wajukuu wangu wanakipenda kuliko hotuba yoyote ya siku ile.

Mkirudi tena, kuleni kwanza. Halafu chagua vitu vitatu tu katika jengo zima. Kwa kila kimoja uliza: kimetengenezwa kwa nini, nani alikishika, na kimechakaa wapi? Hilo la mwisho ndilo tamu. Mwonyeshe chungu kilichopigwa masizi upande mmoja tu, akwambie moto ulikuwa wapi. Nusu saa ikiisha, tokeni, hata kama bado wanataka. Tena hasa kama bado wanataka.

*Bibi, shikamoo. Nafundisha darasa la nne, wanafunzi 84. Tunapanga kwenda Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, walimu tuko wanne. Safari yetu iliyopita, mahali pengine, watoto walikimbia ovyo, mmoja tulimtafuta dakika 20, na waliobaki walinakili vibandiko kwenye madaftari. Nifanyeje wajifunze kitu?*
— Mwalimu, Kibaha

Marahaba mwalimu. Watoto 84 kwenye mstari mmoja si ziara, ni siafu. Aliye nyuma haoni isipokuwa kisogo, na kisogo si historia.

Bahati yenu mnakwenda mahali panapofaa. Kijiji kile kipo tangu 1966, na kilichomo ni nyumba zenyewe, za makabila mbalimbali, za kuingia na kutoka. Wagawe makundi 12 ya watoto saba saba. Kila kundi lipe nyumba, nalo liwe wenyeji wa nyumba hiyo. Kazi yao ya nusu saa ya kwanza ni kuamua, kwa kutazama tu: tunalala wapi, moto unakaa wapi, mbuzi analala wapi, mgeni tunamkalisha wapi, na mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi. Mwongozaji na ninyi walimu mnazunguka, mnajibu mnapoulizwa. Nusu saa ya pili wanaanza kutembeleana. Wageni wanapiga hodi, wenyeji wanakaribisha, wanatembeza, wanajibu maswali. Nimefanya hivi mara nyingi. Mtoto asiyefungua mdomo darasani, ukimpa nyumba atakufukuza humo ndani kama umeingia bila hodi.

Kundi la tembe la Wagogo uliandae vizuri, kwa sababu hapo pana fumbo. Wenzao wengi wana paa la kuchongoka, tembe ni bapa, na juu limetandikwa udongo. Waache wabishane. Wako watakaosema wajenzi walichoka. Wewe waulize mvua ya Dodoma ikoje, wakishalijua hilo waulize ukiwa na paa bapa lenye jua la kutosha utaanika nini juu yake. Watafika wenyewe. Na wasisahau kuinama mlangoni. Mwili ukiinama, akili inauliza kwa nini.

Madaftari yabaki kwenye basi. Nalisema hili kwa hasira ya miaka 26. Nimeona watoto wametoka makumbusho wamenakili kila kibandiko na hawakuinua macho kutazama kilichobandikwa.

Na mkishindwa nauli, msikae. Miaka ya 1960 hao hao watu wa Boston walitengeneza masanduku ya kuazimisha shule: ndani vitu halisi, picha na maelekezo kwa mwalimu, makumbusho yanaifuata shule. Wewe tengeneza la kwako kwenye begi la chuma la mwanafunzi wa bweni. Pasi ya mkaa, koroboi, pishi, kifumbu, redio iliyokufa. Watoto 84 wana bibi 168, mwalimu. Hutakosa kitu.

*Bibi, nakuamkia. Nilimpeleka binti yangu wa miaka saba Mkunazini hapa Unguja, palipokuwa soko la watumwa. Tulipofika kwenye zile sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni akaniuliza, "Baba, wamefanya kosa gani?" Nilishindwa, nikampeleka kumnunulia juisi ya miwa. Mpaka leo linaniuma. Nilipaswa kusema nini, au nilikosea kumpeleka?*
— Baba Salma

Marahaba baba. Ulipaswa kusema maneno matatu: "Hawakufanya kosa lolote." Hayo tu, halafu miwa.

Mtoto kila siku anaona kwamba anayeadhibiwa amekosa. Akiona mnyororo anatafuta kosa. Ukinyamaza, atawapa yeye mwenyewe kosa wale watu watano, na hilo ndilo baya kuliko yote. Mwambie leo jioni, hujachelewa. Mwambie sanamu zilitengenezwa mwaka 1998 na msanii Clara Sörnäs, lakini mnyororo ni wa kweli, wa zama zile. Mwambie soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Akiuliza nani aliwafunga, mwambie watu, wa rangi na dini mbalimbali, wa hapa na wa mbali, kwa ajili ya fedha, karafuu na pembe za ndovu. Usimpe kabila moja la kulichukia. Kesho ana shule, na dawatini atakaa na mtoto wa kabila hilo.

Kuhusu umri, wenye uzoefu wa mambo mazito wana mipaka yao. Washington kuna makumbusho ya maangamizi ya Wayahudi, yaliyofunguliwa 1993. Maonesho yake makuu wanashauri yaonwe na watoto kuanzia miaka 11. Kwa wadogo, kuanzia minane, walitengeneza maonesho ya kijana aitwaye Daniel. Daniel hakuwa mtu mmoja, amesukwa kutokana na maisha ya kweli ya watoto wengi. Mtoto mgeni anaanzia nyumbani kwa Daniel, jikoni, chumbani, anamzoea kwanza. Ndipo mambo yanaanza kuharibika, hatua kwa hatua, na mgeni tayari ana rafiki humo ndani.

Kigali nilifika mwenyewe kwa mafunzo ya kazi. Kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari pale Gisozi kuna chumba cha watoto. Picha kubwa ya mtoto, chini yake jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, rafiki yake mkubwa. Mistari mifupi. Mstari wa mwisho ni jinsi alivyouawa. Mwenzangu aliyekuwa anaandika ripoti alifunga kalamu. Mtoto wa miaka saba simpeleki chumba kile, nasema wazi. Lakini mpangilio ule nimeubeba: kwanza chakula alichokipenda, mambo mengine baadaye. Salma naye mwambie kwamba wale watano walikuwa na mama, na nyimbo, na kitu walichokipenda kula. Muulize yeye anadhani kilikuwa nini.

Tena usimwache shimoni. Mkivuka siku moja kwenda Mombasa, mpeleke upande wa Nyali, mahali panapoitwa Kengeleni. Jina si la bure, kengele ipo. Ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Walikuwa wakiipiga kuwaonya wenzao watekaji wakionekana. Kengele mtoto anaielewa.

*Mimi ni mtunza vitu katika makumbusho. Bibi, wewe umestaafu, sisi tumebaki na hesabu. Watoto wakiruhusiwa kugusa kila kitu, baada ya miaka mitano tutabaki na nini?*
— Mwenye Funguo

Rafu mbili, ndugu yangu. Moja ya kutunza, moja ya kutumia, na zisichanganyike. Siwa ya pembe ya Pate, lile baragumu la kifalme lililoko makumbusho ya Lamu, hatuwapi darasa la tatu walipulize. Lakini baragumu la pembe unanunua, na wakilivunja unanunua jingine. Makumbusho ya Uganda pale Kampala wana ala za muziki ambazo mgeni anaweza kuzipiga, na yako hai tangu 1908. Brooklyn wana vitu karibu 30,000, na hawajaacha kuwapa watoto vya kushika.

Sharti moja tu: cha bandia kiitwe cha bandia. Hapa nina kovu. Zamani nilikuwa na fuvu la plasta la Zinjanthropus, yule aliyeokotwa na Mary Leakey pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Siku hiyo nimechoka, nikawaambia watoto ndilo lenyewe. Kijana mmoja akainama, akatazama pembeni, akasema, "Mbona lina mshono?" Alama ya kalibu, baba wee, imepita kutoka sikio hadi sikio. Nikakiri. Nilitegemea wacheke. Badala yake wakataka kujua plasta inamiminwaje, na nani anaruhusiwa kulipaka fuvu la kweli kitu cha kuchukulia umbo. Kipindi kizuri kuliko vyote vya mwaka ule, na sikukistahili.

*Bibi, nakusoma miaka mingi lakini sasa umezidi kuwapigia debe Wazungu. Sisi historia tulipewa na bibi zetu jioni, kwenye mkeka, bila kiingilio. Makumbusho ya watoto ya nini?*
— Msomaji Mkongwe, Tanga

Mtani wangu wa nyumbani, mkeka bado ninao. Jana jioni niliutandika, wajukuu wanne wakaja, watatu na simu. Wewe juzi ulimsimulia nani, na kisa gani? Niandikie kisa chenyewe, nitakichapa hapa bila kupunguza neno.

*Shikamoo Bibi. Nina miaka kumi. Nataka kuanzisha makumbusho yangu kwenye kibaraza. Nina kopo la zamani la maziwa, noti ambayo haitumiki, na funguo isiyojulikana ya wapi. Mama amesema nikuulize.*
— Mimi, Korogwe

Marahaba, mkurugenzi. Makumbusho ya Indianapolis nayo yalianza hivyo, na vitu vingi vya mwanzo vililetwa na watoto wa shule. Kwa hiyo hujakosea.

Ufunguo ndio uanze nao, uweke katikati. Kopo na noti watu watatazama na kupita, lakini ufunguo usiojulikana wa wapi kila mgeni atataka kuushika. Weka daftari pembeni, kila mgeni aandike anadhani unafungua nini. Usimcheke yeyote. Kwa kila kitu andika kadi ndogo: ni nini, kimetoka kwa nani, kimeingia lini. Kadi ikipotea, kitu kimegeuka takataka; hilo nimeliona kwenye majumba makubwa kuliko kibaraza chako.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, usichukue kitu cha bibi yako bila kumwomba, hata kama anasema hakitumii. Muulize kwanza alikipataje, andika anavyosema, kwa maneno yake. Mara nyingi akimaliza kusimulia atakinyang'anya tena. Mwachie. Utabaki na maneno, na maneno pia yana kadi yake.

La pili, tafuta pa kuweka alama ya kimo. Kwenye ile nyumba ya Amsterdam, ambayo nayo ni makumbusho tangu 1960, ukutani kuna mistari ya penseli. Baba yake Anne Frank alikuwa akiwapima watoto wake walivyokuwa wakirefuka humo mafichoni. Anne aliongezeka zaidi ya sentimita 13. Piga mstari wako kwenye nguzo ya kibaraza, andika jina na tarehe ya leo. Wageni wako nao wapime, wadogo kwa wakubwa.

Ufunguo ukijulikana wa wapi, niandikie haraka. Mimi naukisia wa kabati la cherehani, zile za kukanyaga kwa mguu. Usiwaambie wageni wengine.